Sura ya Nne: Volti 0.7

Chukua mita yoyote ya bei nafuu, hata hizi za njano zinazopangwa juu ya meza za Kariakoo au Luthuli Avenue. Izungushe hadi kwenye alama ya daiodi, kisha gusisha ncha zake kwenye miguu miwili ya 1N4007. Ncha nyekundu ikiwa upande usio na mstari, na nyeusi upande wenye mstari mweupe, kioo kitaonyesha namba isiyo mbali na 0.6. Zibadilishe ncha, mita itakataa kabisa na kuandika OL. Sasa fanya vivyo hivyo kwa transista ndogo kama BC547: nyekundu kwenye besi, nyeusi kwenye emita. Namba inakuja ileile, labda 0.65. Hamishia nyeusi kwenye kolekta, inakuja tena, imepungua kidogo tu.

Namba hiyo ndiyo nitakayoifuata sura nzima. Mita huionyesha ikiwa chini kidogo kwa sababu inasukuma mkondo mdogo, wa miliampia moja hivi. Kwenye sakiti inayofanya kazi tunaichukua kuwa volti 0.7. Fundi anayeielewa atajua kwa nini redio inavuma, kwa nini amplifaya inaunguza transista zake kila joto linapozidi, na kwa nini transista mbili zenye namba moja, zilizotoka pakiti moja, moja inapiga muziki na nyingine inakoroma. Mengi ya hayo atayajua kabla hajaichomeka pasi ya kulehemu.

Namba yenyewe inatoka wapi? Silikoni safi haina elektroni huru za kutosha kubeba umeme. Ikitiwa chembe chache sana za fosforasi, inapata elektroni za ziada; hiyo ni silikoni ya aina ya N. Ikitiwa boroni badala yake, inapungukiwa elektroni, na kila pengo lililo wazi linaweza kuhama kutoka atomu moja hadi nyingine na kubeba umeme kwa njia hiyo. Hiyo ni aina ya P. Daiodi ni kipande kimoja cha fuwele, P upande huu na N upande ule. Pale pande mbili zinapokutana, elektroni za N zilizo jirani huvuka na kuziba mapengo ya P, na ukanda mwembamba wa mpakani unabaki hauna cha kubeba umeme. Ndani ya ukanda huo hujengeka nguvu ya umeme inayozizuia elektroni nyingine zisivuke. Ukiweka chanya upande wa P, unaipunguza nguvu hiyo, na ukikaribia volti 0.6 elektroni zinaanza kumiminika. Ukiweka chanya upande wa N, ukanda unapanuka na hakipiti kitu ila mvujo mdogo mno.

Wengi husema daiodi inafunguka kwenye 0.7, kana kwamba kuna swichi ndani. Si hivyo hasa. Mkondo huanza mapema, ila ni mdogo, na kila volteji inapopanda kwa milivolti 60 hivi mkondo unazidishwa kwa kumi. Kutoka volti 0.5 hadi 0.7 unakuwa umekua zaidi ya mara elfu mbili. Ukiangalia jambo hilohilo kwa upande wa pili, ndipo thamani yake inapoonekana: mkondo unaweza kubadilika mara elfu mbili, na volteji ya daiodi isisogee hata robo ya volti. Katika elektroniki, ambako vipuri hutofautiana tangu kiwandani na huendelea kubadilika kwa joto na kwa umri, kitu kisichosogea ni mali kubwa. Sakiti nzuri hujengwa juu ya vitu vya namna hiyo.

Tabia ya kupitisha umeme upande mmoja ilionekana zamani. Ferdinand Braun, Mjerumani, aliiona mwaka 1874 kwenye fuwele za madini kama galena, na fuwele hizo baadaye zikatumika kunasa matangazo katika redio za mwanzo. Mpaka wa P na N wenyewe uligunduliwa mwaka 1940 katika maabara za Bell huko Marekani, pale Russell Ohl alipokuwa akipima kipande cha silikoni chenye ufa na kukuta kinatoa volteji kila kikimulikwa. Ndani ya kipande hicho uchafu wa aina mbili ulikuwa umejitenga, kila mmoja upande wake. Paneli ya sola iliyo juu ya paa la duka kijijini ni jambo hilohilo la Ohl lililopanuliwa: seli moja ya silikoni kwenye jua kali, ikiwa haina mzigo, hutoa volti 0.6 hivi, ndiyo maana paneli inayoitwa ya volti 12 ina seli 36 zilizofuatana, na ukiipima ikiwa haijaunganishwa na chochote inaonyesha kama volti 21.

Tuje kwenye pawa saplai, kwa kuwa vifaa vingi vinavyoletwa kwa fundi vimeanzia kufa hapo. Umeme wa ukutani Tanzania ni volti 230, Kenya 240, wa AC, unaokamilisha mizunguko 50 kila sekunde. Hiyo 230 si kilele. Ni kipimo cha kazi: AC ya volti 230 hupasha pasi ya nguo joto sawasawa na DC ya volti 230. Kilele kinapatikana kwa kuzidisha na 1.414, nacho ni volti 325. Kumbuka namba hiyo kila unapofungua chaja ya simu, kwa sababu ndani yake umeme wa ukutani hunyooshwa moja kwa moja bila kupitia transfoma kwanza, na kapasita nene iliyo mlangoni, ile iliyoandikwa volti 400, inaweza kubaki na volti zake 325 hata baada ya plagi kuchomolewa. Inaua. Iondolee chaji kwa rezista ya kilo-omu kadhaa yenye mwili mkubwa, kisha ipime kuhakikisha, halafu ndipo uguse.

Hapa tutumie njia ya zamani iliyo salama zaidi kujifunzia: transfoma ya kushusha 230 hadi 12, ya ampia moja, kwa ajili ya amplifaya ndogo inayotaka volti 12 za DC na inayokula nusu ampia. Kilele cha hizo 12 ni volti 17. Ukiweka daiodi moja tu, utapata nusu ya kila mzunguko na nusu nyingine itapotea. Ukiweka nne kwa mpangilio wa daraja, nusu zote mbili zinaelekezwa upande mmoja. Mpangilio huu ni mkongwe kuliko silikoni yenyewe: Karol Pollak, Mpolandi, aliuombea hataza katikati ya miaka ya 1890, na Leo Graetz wa Ujerumani akauchapisha mwaka 1897, enzi ambazo kazi ya daiodi ilifanywa na seli za kemikali zenye bamba la alumini. Katika daraja umeme hupita daiodi mbili kwa wakati mmoja, moja ukienda na moja ukirudi. Basi toa 0.7 mara mbili. Kutoka 17 tunabaki na 15.6.

Volteji inayotoka hapo inapanda na kushuka hadi sifuri mara 100 kwa sekunde. Kapasita inakuja kuziba mabonde hayo, na inafanya kazi kama tangi la maji katika mtaa ambao bomba hutoa maji kwa zamu: hujaa bomba likitoka, na nyumba inaendelea kuchota bomba likikauka. Swali ni tangi la ukubwa gani. Mafundi wengi huweka 2200 mikrofaradi kwa mazoea, na mazoea hayo tunaweza kuyapima kwa kalamu. Kati ya kilele na kilele kuna sekunde 0.01. Zidisha muda huo na mkondo wa mzigo, ampia 0.5, kisha gawanya kwa faradi 0.0022. Jibu ni volti 2.3. Maana yake ni kwamba volteji inapanda hadi 15.6, inashuka hadi 13.3, inapanda tena, mara 100 kila sekunde.

Mbele ya kapasita tuweke regulata ya 7812, ile yenye miguu mitatu. Inatoa volti 12 zilizotulia, lakini kwa sharti moja: inayopokea izidi inayotoa kwa volti 2 hivi. Inahitaji 14 na zaidi. Sisi kwenye bonde tunayo 13.3. Kwa hiyo mara 100 kwa sekunde regulata inashindwa, volti 12 zinakatwa kichwa, na spika inatoa mvumo mzito wa hezi 100. Mteja analeta amplifaya, fundi anabadilisha regulata, mvumo uko palepale. Anabadilisha tena. Regulata haikuwa na kosa lolote, ilinyimwa volteji.

Tukipandisha kapasita hadi 4700, bonde linakuwa la volti 1.1 na sakafu inafika 14.5. Imepita, kwa kubanwa. Lakini jioni mtaa mzima unapowasha majiko na pasi, zile 230 hushuka. Zikifika 200, kilele cha transfoma yetu kinakuwa 14.8, toa 1.4 za daiodi, tuko 13.4 kabla hata ya kutoa bonde. Mvumo unarudi kila magharibi na kuondoka usiku wa manane, na mwenye redio anadhani ana ugonjwa wa ajabu. Kwa maoni yangu, kwenye umeme wetu transfoma ya volti 15 ndiyo ya kununua kwa kazi hii. Kilele chake baada ya daraja ni 19.8; na hata ukuta ukishuka hadi 200, na hata kapasita ikibaki ile ya 2200, sakafu inakuwa karibu 14.8.

Gharama yake ni joto. Ukuta ukiwa mzima, regulata inapokea wastani wa kama volti 18.7, inatoa 12, na hizo 6.7 zilizobaki zikizidishwa na nusu ampia zinakuwa wati 3.3 zinazochemka ndani ya kipande cha ukubwa wa ukucha. Bila bati la kupozea haivumilii. 7812 ina kinga yake ndani: ikizidi kuchemka inajizima, ikipoa inajiwasha. Ukisikia muziki unakatika, unakaa kidogo, unarudi, kisha unakatika tena mapema zaidi, shika bati la kupozea kabla ya kushika kitu kingine. Mara nyingi skrubu imelegea.

Mvumo wenyewe nao una la kusema. Daraja zima hutoa hezi 100. Daiodi moja ikikatika, nusu ya kila mzunguko inapotea, kapasita inangoja mara mbili zaidi kabla ya kujazwa, bonde linakuwa refu maradufu, na mvumo unashuka hadi hezi 50. Sikio lililozoea linatofautisha hizo mbili bila chombo. Daiodi ikifa kwa shoti badala ya kukatika, hakuna mvumo wa kusikiliza: fyuzi imekwenda, na kama mtu aliweka waya badala ya fyuzi, transfoma inanuka.

Kuhusu 1N4007 yenyewe, inabeba ampia 1 na kuhimili volti 1000 za kinyume, wakati ndugu yake 1N4001 anahimili 50 tu, na kwa kuwa bei zao hazipishani sana ni busara kuweka 4007 kila mahali kwenye hezi 50. Nasema kwenye hezi 50. Chaja za simu hukatakata umeme makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde ili zitumie transfoma ndogo, na upande wa kutokea kuna daiodi ya Schottky, ambayo ni ya metali na silikoni badala ya P na N. Inadondosha volti 0.3 hadi 0.4 tu, na inazima papo hapo. Daiodi ya 4007 ni nzito kuzima: mwelekeo ukishageuka, inaendelea kuvujisha kwa mikrosekunde kadhaa. Kwenye umeme wa ukutani muda huo si kitu. Ndani ya chaja ni sehemu kubwa ya kila mzunguko, na daiodi inapitisha pande zote mbili huku ikiungua. Nimeziona chaja nyingi zilizotengenezwa hivyo, zinafanya kazi dakika tano mbele ya mteja na kufa njiani. Tafuta Schottky, hata kama ni ya kunyofoa kwenye bodi mbovu.

Kabla ya regulata za miguu mitatu kuenea, saplai zilitulizwa kwa daiodi ya Zena na transista, na bado ni njia nzuri unapotaka mkondo mkubwa. Zena hufungwa kinyume. Ikifikia volteji iliyoandikwa juu yake inapitisha, na volteji inabaki hapo. Iweke kwenye besi ya 2N3055, ile nene ya chuma ambayo kolekta yake ni mwili wenyewe, na emita itatoa volteji ya Zena ikiwa imepungua 0.7. Ukitaka 12, weka Zena ya 13, utapata 12.3. Namba yetu imerudi, safari hii kati ya besi na emita.

Hapo ndipo tunaingia kwenye transista. Walioitengeneza kwanza, John Bardeen na Walter Brattain wa Bell, waliifanya ifanye kazi Desemba 1947; William Shockley akaja na ile ya tabaka, ambayo ndiyo mama wa zetu, na wote watatu wakapewa Nobeli mwaka 1956. Ya tabaka ni mipaka miwili ya P na N iliyowekwa mgongo kwa mgongo, na ya katikati, besi, ikiwa nyembamba sana. Mkondo mdogo ukiingia besi na kutoka emita, mkondo mkubwa unapita kutoka kolekta hadi emita. Uwiano wa mikondo hiyo miwili tunauita ukuzaji, na vitabu huuandika kwa herufi ya Kigiriki beta.

Hapo ndipo wanafunzi wengi hupotea, kwa sababu wanafundishwa kuiamini beta. Soma karatasi ya kiwanda ya BC547B: beta iko popote kati ya 200 na 450. Ya kundi A, 110 hadi 220. Ya kundi C, 420 hadi 800. Hizo zote zinauzwa kwa jina moja la BC547, na kwenye visanduku vya maduka yetu zimechanganyika. Isitoshe, beta hupanda kadiri transista inavyopata joto.

Sasa tutengeneze hatua moja ya kukuza sauti. Tunataka kolekta itulie karibu na katikati ya volti 12, ili signali ipate nafasi ya kupanda na kushuka bila kugonga juu wala chini. Kuipangia transista mahali pa kutulia kabla signali haijaja ndiko kuipa bayasi. Njia rahisi, ambayo utaikuta kwenye michoro mingi ya wanaoanza: rezista ya kilo-omu 4.7 kutoka 12 hadi kolekta, emita chini, na rezista moja kubwa kutoka 12 hadi besi. Ukichagua megaomu 1.8, besi inapata mikroampia 6.3. Beta ikiwa 200, kolekta inapitisha miliampia 1.26, rezista inadondosha volti 5.9, na kolekta inatulia kwenye 6.1. Pazuri kabisa.

Chomoa transista hiyo, weka nyingine ya beta 110. Kolekta inahamia 8.75, bado itapiga, lakini ukiongeza sauti upande wa juu utaanza kukatwa. Weka ya beta 450. Hesabu inadai rezista idondoshe volti 13.3, na hatuna hizo. Transista imejaa, kolekta imelala karibu na sifuri, na sauti ni mkoromo. Transista ni nzima. Ukiipima kwa mita haina dosari. Kosa ni la mchoro uliojengwa juu ya kitu kinachoyumba.

Rekebisho lake ni rezista mbili zaidi, na kwangu ni moja ya mipango mizuri kuliko yote katika elektroniki nzima. Weka kilo-omu 47 kutoka 12 hadi besi, na kilo-omu 10 kutoka besi hadi chini. Hizo mbili zinagawana volti 12, na besi inapata 2.1. Kati ya emita na chini weka kilo-omu 1.2. Sasa fikiri: besi iko kwenye 2.1, na kati ya besi na emita kuna 0.7, kwa hiyo emita haina budi kuwa 1.4. Volti 1.4 kwenye kilo-omu 1.2 ni miliampia 1.17. Mkondo wa emita umepatikana, na hatukuitaja beta hata mara moja.

Besi hula kidogo kutoka kwa wagawanyaji, kwa hiyo beta inabaki na sauti kidogo. Nimekokotoa kwa zile transista zetu. Beta ikiwa 110, kolekta inapitisha miliampia 1.09. Ikiwa 200, 1.13. Ikiwa 450, 1.15. Kwa rezista ileile ya 4.7, kolekta inatulia kati ya volti 6.6 na 6.9 kwa zote tatu. Transista ambayo kwenye mchoro wa kwanza ilikuwa inakoroma, hapa huwezi kuitofautisha na wenzake. Na joto likipanda, emita ikijaribu kupitisha zaidi, volteji juu ya kilo-omu 1.2 inapanda, tofauti kati ya besi na emita inapungua, na transista inajirudisha yenyewe.

Rezista ya emita inatoza gharama: inapunguza ukuzaji wa signali hadi mara nne hivi, yaani 4.7 kugawanya kwa 1.2. Ndiyo maana utakuta kapasita, tuseme ya mikrofaradi 100, imefungwa sambamba nayo. DC haipiti kwenye kapasita, basi bayasi haisumbuliwi; signali inapita kana kwamba rezista haipo, na ukuzaji unapanda hadi mara 200 hivi.

Tahadhari moja ya mezani hapa. Redio za zamani za Japani zimejaa transista za C945 na C1815, na watu huweka BC547 badala yake, jambo ambalo kiumeme linakubalika. Ila miguu haifanani. BC547, uso bapa ukikutazama na miguu chini, kutoka kushoto ni kolekta, besi, emita. C945 na C1815 ni emita, kolekta, besi. Ukiichomeka ilivyokaa iliyotoka, mchoro wote wa bayasi niliokwisha eleza unapinduka.

Mwisho wa amplifaya, kwenye spika, 0.7 inajitokeza kwa sura mbaya. Huko kuna transista mbili kubwa, moja inasukuma nusu ya juu ya wimbi na nyingine nusu ya chini. Kila moja haiamki hadi ipate 0.7 zake, kwa hiyo katikati kuna eneo la volti 1.4 ambalo hakuna anayefanya kazi. Kwa sauti kubwa hulitambui sana. Kwa sauti ndogo, usiku, mtangazaji anasikika kama ana mchanga kooni. Dawa ni kuweka daiodi mbili zilizofuatana kati ya besi hizo mbili. Daiodi mbili ni volti 1.4, kipimo kilekile kinachokosekana, na transista zote mbili zinabaki zimeamka kidogo muda wote.

Uzuri wake unazidi hapo. Kila nyuzi moja ya joto inapoongezeka, 0.7 hupungua kwa milivolti 2 hivi. Transista zikipanda nyuzi 40, zinahitaji milivolti 80 pungufu. Kama besi zinaendelea kupewa 1.4 ileile, na kwa kuwa milivolti 60 ni mara kumi, mkondo wa kutulia unapaa, joto linaongezeka, mkondo unapaa tena, na ndani ya dakika chache transista zimekwenda. Lakini zile daiodi mbili ni silikoni pia. Zikiguswa na bati moja la kupozea pamoja na transista, zinapata joto lilelile na kupunguza volteji yao kwa kiasi kilekile. Mtengenezaji aliyezifunga kwenye bati alikuwa na sababu. Fundi anayeziacha zikining'inia hewani baada ya ukarabati, kwa kuwa hata hivyo sauti imetoka, ameondoa kinga yote, na katika joto la Dar es Salaam au Mombasa amplifaya hiyo itarudi. Zirudishe kwenye bati, zipakae grisi ya joto, na hakikisha zile rezista ndogo za emita, za omu 0.22 au karibu na hapo, hazijabadilishwa kuwa waya.

Rudi sasa kwenye hatua yetu ya BC547 na ushike mita, ncha nyeusi chini. Ikiwa nzima utasoma 2.1 kwenye besi, 1.4 kwenye emita na kama 6.7 kwenye kolekta. Ukikuta besi sifuri, emita sifuri na kolekta 12, rezista ya 47 imekatika, au besi imepigwa shoti chini. Ukikuta besi 3.3, emita 2.6 na kolekta 2.7, ile ya kilo-omu 10 ndiyo imekatika: besi imeachiwa, na transista imejaa. Besi 0.7, emita sifuri na kolekta karibu na sifuri ni kapasita ya emita iliyopigwa shoti, ugonjwa wa kawaida kwenye redio zilizokaa muda mrefu. Besi 2.1, emita sifuri, kolekta 12: tofauti ya volti 2.1 kati ya besi na emita haiwezekani kwenye mpaka mzima wa silikoni, kwa hiyo transista imekatika ndani, na hapa tu ndipo inapostahili kutolewa.

Kisa kimoja hudanganya hata mafundi wazoefu. Besi 2.1, emita 1.6 au hivi, kolekta 12. Emita inaonekana nzima, hata imezidi kidogo, lakini kolekta ikiwa 12 hakuna mkondo unaopita kwenye kilo-omu 4.7. Basi volti za emita zinatoka wapi? Zinatoka kwa mita. Rezista ya emita imekatika, na mita ya kidijiti, yenye ukinzani wa megaomu 10 hivi, inapogusishwa ndiyo inayokamilisha njia ya kwenda chini. Mkondo huo mdogo mno unatosha kuiinua emita hadi mahali panapoonekana sahihi, na kwa kuwa ni mdogo, mpaka wa besi unadondosha 0.5 badala ya 0.7. Rezista ya kilo-omu 1.2 ndiyo ya kubadilisha. Transista iache mahali pake.